Mshono Chini ya Kapeti

"Ondoa hiyo nailoni. Mume wangu si samaki."

Mama Makava alisimama kando ya barabara, mkono mmoja chini ya kwapa la mumewe, mkono mwingine kwenye mlango wa teksi, na sauti yake ikifika mpaka duka la vipuri la ng'ambo. Dereva, ambaye mtaa mzima ulimwita Honi kwa sababu alipiga honi hata akipishana na paka, aliendelea kuitandaza ile nailoni juu ya kiti cha mbele, akizibana kingo zake kama mtu anayetandika kitanda cha wodini.

"Mama, si kwa ubaya. Safari iliyopita ilitokea ile bahati mbaya ya mzee. Abiria aliyepanda baada yenu alishuka njiani, akasema gari linanuka."

"Unanuka wewe! Na kiti hicho unachokifunika, kava lake alishona nani?"

Honi akabana ukingo mwingine.

"Nakuuliza, alishona nani?"

"Wewe, mama."

"Na nusu ya malipo iko wapi?"

"Itakuja, mama. Mambo yamekaza."

"Basi kava hilo nusu ni langu, na mume wangu anakalia nusu yangu. Ondoa nailoni."

Honi alimtazama yeye, akamtazama mgonjwa, akatazama saa. Nailoni haikuondoka. Zamani Mama Makava angemtoa mtu jasho kwa jambo dogo kuliko hilo. Lakini kliniki haikusubiri mtu, teksi nyingine za pale kituoni zilikwisha kumkataa, na mumewe alikuwa amesimama kwa mguu mmoja muda mrefu mno.

"Tende," akasema mumewe. Alitaka kusema twende.

Wakaenda. Nailoni ililia kila kona, na kila ilipolia mumewe aligeuza uso dirishani. Mama Makava alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, hasemi neno. Waliomzoea wanajua kwamba kelele zake hazina madhara; ogopa akinyamaza. Walipofika kwenye geti la kliniki alikuwa amekwisha kuamua: atanunua gari. Liwe la namna gani hajui, lakini mume wake hatakalia nailoni tena.

Huyo mume watu walimwita Nyundo. Maisha yake yote alinyoosha bodi za magari. Gari lililokunjwa na nguzo, gari lililobusu lori, gari lililolala chali mtaroni, yote hayo yalikuja mikononi mwake yakiwa vyuma chakavu na kuondoka yanang'aa. Siku moja, akiwa kazini kwenye yadi ya kuuzia magari, alimwomba mwenzake maji, na kabla maji hayajafika alikuwa chini. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, na maneno yakaondoka nao. Yalibaki machache: mimi, wewe, hapana, twende, maji. Na tusi moja, zito, la gereji, ambalo lilitoka kinywani mwake zima kabisa bila kukosea hata herufi. Daktari alisema hutokea. Wifi yake Mama Makava, yaani dada wa Nyundo, alisema kichwa cha kaka yake kimejua la kuokoa.

Pale kliniki palikuwa na binti wa mazoezi ya viungo, mwembamba, ana mikono kama koleo. Kila safari alimfungua Nyundo vidole kimoja kimoja, Nyundo akimtukana lile tusi, yeye akicheka. Siku ya nailoni hakucheka. Aliushika ule mkono, akaugeuza, akasema:

"Mama, wiki iliyopita hamkuja."

"Teksi."

"Najua ni shida. Lakini mkono huu ukiachwa utajifunga ngumi na hautafunguka tena. Na mguu utafuata. Mimi sikutishi. Leteni mzee, hata mkichelewa, leteni."

Ndiyo hiyo ilikuwa kazi iliyomkalia Mama Makava kooni: kumfikisha mumewe kliniki kabla mkono haujajifunga. Basi la abiria lilikuwa na ngazi ndefu, na kondakta alitaka watu wapande wakikimbia. Teksi za kituoni zilimwona kwa mbali zikawasha injini. Alibaki Honi, na Honi alibaki na nailoni.

Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili na ua mdogo. Chumba cha mbele kilikuwa karakana. Cherehani ya umeme ilikaa chini ya dirisha, magodoro ya sponji yamesimamishwa ukutani, na makava ya viti vya magari yamening'inia kwenye kamba kama watu wasio na vichwa. Jina la Mama Makava lilitoka hapo. Yeye hakujua kuendesha gari, lakini alijua kiti cha kila aina ya gari lililopita mjini, kinapinda wapi na kinatanuka wapi. Darasa la saba lilimtosha. Mengine alifundishwa na sindano. Chumba cha ndani kilikuwa cha mgonjwa, na kilikuwa na harufu ya dawa ya kuchua ambayo haikutoka hata ukifungua dirisha mchana kutwa.

Jioni ile wifi alikuja kumwogesha kaka yake, kama kawaida. Walipomaliza kumgeuza na kumvisha, alikaa juu ya furushi la sponji, akishika kiuno.

"Wifi, nimesikia unanunua gari."

"Nani kakwambia?"

"Honi anatangaza mtaani. Anasema umemwambia atakufa njaa."

"Atakufa."

"Utanunua kwa pesa gani sasa? Kwa makava?"

"Kwa pesa yangu ya kwenye kibubu, pamoja na ile tuliyoiweka ya kuezeka upya. Paa litavuja, tutasogeza kitanda. Wa kuendesha nitamwajiri kwa safari."

Wifi akacheka, akaacha kucheka. "Nunua. Mimi sina utaalamu wa magari. Ninachokijua ni mgongo wangu. Kaka ni mzito kama kabati la bibi harusi."

Huko ndani Nyundo alisikia. Akatoa lile tusi lake, na wanawake wawili wakacheka mpaka wakafuta machozi. Ilikuwa imepita muda tangu nyumba ile isikie kicheko, na kilipokwisha, kilikwisha ghafla, kila mmoja akatafuta kitu cha kushika.

Kesho yake Mama Makava alikwenda kwenye yadi. Ni ile ile aliyofanya kazi mumewe, umbali wa mitaa michache tu, uwanja wa kokoto wenye ukuta wa mabati. Mwenye yadi alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na mafundi wake walimwita Bosi Rangi kwa sababu hakuna gari lililotoka pale bila kupakwa upya. Alimpokea kwa mikono miwili.

"Shemeji! Karibu, karibu. Ndugu yangu anaendeleaje?"

"Ndugu yako hujaja kumwona tangu alazwe."

"Shemeji, usinichome. Kazi."

Gari lenyewe lilikuwa pembeni, jeupe, kigari kirefu cha mizigo na abiria, kina mlango wa ubavuni wa kusukuma. Mlango huo ndio uliomnasa Mama Makava. Ulifunguka mpana, na sakafu ilikuwa chini, mtu angeweza kuingizwa na kiti chake cha magurudumu bila kumnyanyua kama gunia. Akachungulia ndani, na moyo ukamruka: makava yalikuwa yake. Alishona yeye, kitambaa cha kijivu na uzi mwekundu, alipoletewa kazi na yadi kabla mumewe hajaugua. Akajiona kama amefunguliwa mlango na mtoto wake mwenyewe.

Bei ilikuwa nusu ya aliyoitegemea. Hapo akasimama wima.

"Lina nini?"

"Halina kitu."

"Bosi Rangi, mimi si mteja wa kupita. Lina nini?"

Mwenye yadi akajikuna shingo. "Sikufichi, kwa sababu ni wewe. Bima walilifuta. Liligongwa kidogo kwa nyuma. Sasa watu wa bima ni watu wa vitabu, wakiona matengenezo yatakula pesa kuliko thamani ya gari, wanapiga mstari, wanasema limekufa. Lakini limefia kwenye karatasi tu, shemeji. Hizo karatasi ndizo zilizoliweka hapa muda wote huu. Sikiliza injini."

Injini ilinguruma vizuri. Hata hivyo Mama Makava hakutoa hata thumuni. Alirudi siku iliyofuata na fundi wa injini kutoka gereji nyingine, mtu asiye na undugu na Bosi Rangi. Fundi alilala chini, akaamka, akawasha, akazima, akanusa mafuta ya injini kwenye kidole.

"Injini haina neno," akasema. "Breki nzuri. Bodi ndiyo siwezi kukusemea, mimi si mtu wa bodi. Na gari lililofutwa, ugonjwa wake hukaa kwenye bodi. Lakini wewe mtu wa bodi unaye nyumbani."

Ilikuwa kweli, na Mama Makava aliona haya kwamba wazo hilo halikumjia mwenyewe. Mwaka mzima alikuwa amemwosha, amemlisha, amembishia, na amesahau kwamba yule mtu kitandani alikuwa bingwa wa jambo fulani. Alipomwambia Bosi Rangi kwamba atamleta mumewe aliangalie, yule bwana alipata kikohozi.

"Mgonjwa wa nini kumsumbua, shemeji? Mwache apumzike. Atakwambia nini, na maneno hana?"

"Mikono anayo. Mmoja."

Wakampeleka kwa kiti cha magurudumu, cha kuazima, chenye gurudumu moja linaloimba. Wifi alisukuma, Mama Makava alitangulia kuondoa mawe njiani. Nyundo alikuwa amevaa shati lake la kutokea, na alipofika kwenye geti la mabati aliinua kichwa kama farasi aliyenusa maji. Mafundi waliacha kazi wakaja kumsalimu. Mmoja alimpa nyundo ndogo mkononi, kwa utani. Nyundo aliishika, akairudisha. Hakuihitaji. Alitumia kifundo cha kidole.

Aliwaonyesha wamsogeze karibu na lile gari jeupe, akaanza kugonga. Mbele, juu ya gurudumu: ko, ko, ko, sauti ya bati lenyewe. Mlango wa dereva: ko, ko. Kisha nguzo ya nyuma ya mlango wa dereva, pale bodi inapopanda kukutana na paa. Pu. Akagonga tena, chini kidogo. Pu, pu. Sauti ya mtu anayegonga mkate. Mkono ukasimama hapo hapo. Akawa analitazama gari, halitazami tena kama mnunuzi.

"Mimi," akasema. Akajigonga kifua.

"Wewe nini?" Mama Makava akainama. "Ulilinyoosha wewe?"

"Mimi."

Basi hapa ndipo Mama Makava alipokosea, na ni kosa ambalo lisingemwingia mwanamke mwingine yeyote pale mjini. Alifurahi. Hofu yote ya gari lililofutwa ilimtoka kama vumbi kwenye zulia. Huyu mtu ndiye aliyenyoosha sufuria zake zilizobonyea mpaka hukuziona zilipobonyea. Mlango wa ua wao, aliouchomelea yeye, haujawahi kulia. Kama gari limepita mikononi mwa Nyundo, nani tena wa kumuuliza?

"Wifi, umesikia? Kazi ya kaka yako! Na makava yangu ndani! Hili gari ni letu kabla hatujalinunua!" Akamgeukia mwenye yadi. "Mbona hukusema tangu mwanzo, baba wewe?"

Tabasamu la Bosi Rangi lilichelewa kufika. "Nilitaka ugundue mwenyewe, shemeji."

"Mfungulieni mlango, tumwingize aone raha."

Wifi akausukuma mlango wa ubavuni, wakamweka Nyundo sawa, na hapo Nyundo akaweka mguu wake mzima chini na kuukaza. Kiti hakikwenda. Wakasukuma. Mkono wake wa kushoto ukashika ukingo wa mlango, na ulikuwa bado mkono wa fundi, hukuweza kuubandua.

"Hapana."

"Nini hapana? Si kazi yako mwenyewe?"

"Mimi." Akaligonga gari. Kisha akamnyooshea mkewe kidole. "Wewe. Hapana."

"Sikuelewi, mzee wangu."

"Wewe, hapana! Wewe, hapana!" Mate yakamtoka. Akaachia mlango, akajipinda mpaka karibu aanguke, akaanza kukwangua kapeti la sakafuni kwa kucha.

Mama Makava alikuwa na ulimi mkali, lakini hakuwa mjinga. Alifungua mkoba wake, akatoa mkasi. Bosi Rangi alisogea.

"Shemeji, shemeji, usikate mali ya watu."

"Sikati. Nafumua. Kapeti lako nitalishona bure."

Alifumua ukingo, akaingiza mkono chini, akalivuta kapeti lote nyuma. Chini yake, kutoka nguzo ya mlango huu hadi nguzo ya mlango ule, sakafu ilikuwa imeungwa. Mstari wa chuma kilichochomelewa, una vinundu, umepakwa rangi juu kwa haraka. Mbele ya mstari ni gari moja. Nyuma ya mstari ni gari jingine. Lililogongwa mbele limekatwa, lililogongwa nyuma limekatwa, vipande viwili vizima vimeozeshwa.

Hakuhitaji kuelezwa. Angekuwa msichana anayejifunza kushona, angempiga kibao cha mkono: kitambaa hakiungwi katikati, pale kinapovutwa pande zote mbili. Ukikaa tu, kinashika. Siku ya kuvutwa kwa nguvu ndiyo siku kinapoachia.

Nyundo aliona chaki ya kushonea ikichungulia kwenye mfuko wa aproni ya mkewe. Akaichomoa. Kwa mkono ule wa kushoto, ambao haukuwa mkono wake wa kazi, alichora juu ya ule muungo kutoka mwanzo mpaka alipofika urefu wa mkono wake. Mstari wa buluu ukayumba, lakini haukukosea njia. Akaacha chaki ianguke.

Mafundi waliokuja kusalimu walikumbuka kazi zao.

"Sawa," akasema Bosi Rangi, na sauti yake haikuwa laini tena. "Sawa. Umeona. Sasa nikuulize, shemeji. Ile cherehani yako ya umeme ilinunuliwa kwa pesa gani? Vyumba vyenu viwili vilijengwa kwa pesa gani? Unadhani mumeo aliunga hili moja? Ameunga mengi kuliko nywele za kichwa chake, na nilimlipa kila moja. Na yalipokwisha kuungwa, nilimletea nani viti avivalishe? Siku zote hizo hukuwahi kufunua kapeti."

Mama Makava alilitazama kapeti alilolikunjua. Kwa kweli hakuwahi. Yeye alishona juu, mumewe aliunga chini, na jioni walikutana mezani wakasema kazi ilikuwa nyingi.

"Walionunua," akasema hatimaye. "Walifika walikokuwa wanakwenda?"

"Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Mimi sikuulizi waliorudi."

Bosi Rangi alichukua kitambaa cha mafuta, akaanza kuifuta chaki.

Njiani kurudi, wifi alisukuma bila kulalamikia mgongo. Gurudumu liliimba peke yake. Mama Makava alitembea ubavuni, na mara moja aliinama akauliza kwa sauti ndogo, "Mengi?" Nyundo alitazama mbele. Jicho lake la kulia lilikuwa linatoka maji, lakini jicho hilo lilitoka maji siku zote tangu augue, kwa hiyo hukuweza kujua. Alimfuta kwa pembe ya kanga yake, kama alivyomfuta kila siku. Angemgombeza, angekuwa anagombeza nusu tu ya wenye makosa.

Wiki ile hawakwenda kliniki. Mkono wa Nyundo ulianza kujikunja kidogo kidogo, na mkewe alipoufungua asubuhi kwa maji ya moto ulirudi kujikunja kabla chai haijapoa. Alikaa kwenye cherehani, uzi ukamkatikia mara kwa mara, naye hakulaani uzi. Kichwani alikuwa na lile gari jeupe. Alijua la kufanya: arudi pale, asimame getini, amwambie kila atakayeuliza bei afunue kapeti kwanza. Alijua, na hakwenda. Haya ilimfunga miguu. Angesema nini akiulizwa amejuaje?

Alipopiga moyo konde na kwenda, pale pembeni palikuwa na doa la mafuta tu kwenye kokoto. Muuza vipuri wa ng'ambo ya yadi alimwambia kwamba alilichukua mtu mmoja na familia yake. Watoto walikuwa wakigombania kuufungua na kuufunga ule mlango wa kusukuma.

"Wamekwenda upande gani?"

"Sasa mimi nitajuaje, Mama Makava? Ni barabara."

Alirudi nyumbani, akakaa, akatoa kitambaa cha mpira, kile cha kutandika chini ya vitanda vya watoto, akakikata. Juu yake akaweka kitambaa cha kawaida cha kijivu. Alishona mpaka vidole vikamuuma, mishono midogo, uzi wa mara mbili, hakuna muungo katikati. Kisha akalikunja kava akalitia kwapani, akaenda kituo cha teksi.

Honi alipomwona anakuja alijifanya anatafuta kitu chini ya usukani.

"Toka huko, sijaja kudai."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Shika hili. Ni la kiti cha mbele. Juu kitambaa, chini mpira. Maji hayapiti hata ukimwaga ndoo. Ukilivalisha hakuna atakayejua, linafanana na mengine."

Honi alilikunjua, akalipapasa. "Mama, zuri hili. Lakini hata la kwanza sijamaliza..."

"Nimekuuliza? Nataka uje kesho kutuchukua, na nisiione nailoni. Nikiiona nakula sahani moja na wewe."

"Haya, mama." Akaangalia chini. "Na gari je? Si ulisema unanunua?"

"Lilikuwa limekufa," akasema Mama Makava, akaondoka.

Kesho yake Honi alikuja, na bila kuombwa alishuka kumshika mzee upande wa pili. Kabla ya kuingia Nyundo aliomba kusimama. Akanyoosha mkono wa kushoto akaigonga teksi: mlango, nguzo, ukingo wa paa. Ko, ko, ko. Teksi ile ilikuwa na kutu, taa moja imefungwa kwa waya, na rangi za aina tatu. Aliigonga yote alikofikia, Honi akishangaa. Kisha akageuza mgongo, akakubali kukalishwa.

"Anatafuta nini mzee?" akauliza Honi.

"Anakagua. Twende."

Njia ya kliniki ilipita mbele ya yadi. Geti la mabati lilikuwa wazi, na ndani mlipuko mdogo wa cheche ulionyesha kuna mtu anachomelea. Nyundo alizitazama zile cheche mpaka shingo ilipofika mwisho wa kugeuka. Mama Makava alitazama magari waliyopishana nayo. Kila lililokuwa jeupe alilifuata kwa macho, akahesabu vichwa vya watoto madirishani, akaliachia. Honi alikuwa akisimulia habari za abiria mlevi, na hakuna aliyemsikiliza, naye hakujali.

Kwenye geti la kliniki, binti wa mazoezi alikuwa amekwisha kutoka mlangoni, amewaona. Honi alizunguka, akamsaidia mzee kusimama, akafuta kiti kwa kiganja na kukikuta kikavu. Akatia mkono mfukoni, akatoa noti zilizokunjwa kama vidonge.

"Mama. Ile nusu. Nilikuwa nazikusanya."

Mama Makava alizitazama. Tangu mwanzo wa mvua alikuwa amemkalia kijana wa watu kichwani kwa ajili ya hizo, mbele ya abiria, mbele ya mke wake, mpaka mbele ya mafundi wa matairi.

"Rudisha mfukoni."

"Lakini mama, ni zako..."

"Rudisha, nimesema. Hatudaiani tena. Sisi tunadaiwa kuliko wewe."

Honi alidhani anasema gharama za hospitali, akasema Mungu atasaidia, akazirudisha. Mama Makava hakumsahihisha. Alimshika mumewe chini ya kwapa, akauchukua ule mkono uliojikunja katika mkono wake, wakaanza kupanda ngazi.